Salama ya Bi Mwamvua

Ukishuka, mjukuu wangu, usiwe na haraka ya kuuliza choo kiko wapi. Katika nchi hii swali la kwanza la mgeni huandikwa kwenye faili lake kama sababu ya safari. Nina jirani yangu, fundi seremala, mtu mzima na heshima zake, ambaye mpaka leo kitambulisho chake kinasema alivuka mipaka mitatu kwa ajili ya choo. Shuka, simama, tazama mbele kama mtu anayekumbuka jambo. Watakufuata wenyewe.

Jina la nchi silitaji. Si kwamba naogopa. Wenye nchi walilipeleka kwenye kamati wakati wa Waziri aliyepita ili likasafishwe, na kamati haijarudi. Kwa sasa tunasema "hapa", na barua zinafika.

Mimi ni Bibi Somoe, nina miaka kumi na tisa hapa. Nilikuja kulea mjukuu. Mjukuu akakua, akaoa, akahamia huko kwenye mvua nyingi, nami nikabaki na chumba na birika. Miaka minane katika hiyo nilikuwa mkalimani wa Wizara ya Mazoea, ile inayohakikisha kwamba kila mgeni amezoea. Kazi sikuipata kwa elimu, maana shule niliishia darasa la tatu, mwaka ambao korosho zilizaa hata walimu wakaja shambani kutusaidia kubangua. Niliipata kwa subira. Walitangaza nafasi moja, tukaitwa watu arobaini, tukaambiwa tukae kwenye benchi tungoje usaili. Hakuna aliyekuja. Siku ya pili wakaondoka thelathini. Siku ya tatu jioni nilikuwa nimebaki peke yangu na kikapu changu, ndipo Bwana Teluma, Mkuu wa Dirisha, akatoka na mkataba mkononi akaniambia kwamba ule ndio uliokuwa usaili.

Nilifurahi sana. Leo nikikumbuka ile furaha naona haya.

*

Sikilizeni kwanza ya nyumba, maana najua ndiyo mnayoyataka.

Nyumba utapewa, tena upesi, lakini haitakuwa na mlango. Mlango unaombwa peke yake. Fomu ya mlango huletwa nyumbani na mtumishi wa serikali, naye sheria inamtaka agonge kabla ya kukukabidhi. Akikuta hakuna pa kugonga anaandika "mwenyeji hakuwepo" na kurudi nayo, hata kama umesimama mbele yake unampungia mkono. Dawa yake ni kuwa na ubao. Ukimwona anakuja, uushike mbele ya uso wako, agonge, uitikie. Ubao wangu nimewaazima watu thelathini na mmoja na haujapasuka.

Ya majirani: jirani akikuletea chakula, sahani yake mrudishie tupu. Najua. Najua mlivyolelewa. Mimi ya kwanza niliirudisha na vitumbua vinne. Jirani akashtuka, akaona amepewa kuliko alivyotoa, akairudisha na mkate mzima, nami ningeirudishaje tupu? Huu mwaka wa kumi na moja. Hatupendani wala hatuchukiani, tumechoka tu, na hakuna kati yetu ajuaye namna ya kuacha.

Halafu kuna mtihani wa kuzoea. Usiogope, hauna maandishi. Unawekwa mbele ya foleni isiyosogea, saa mbili, na bwana mmoja anakaa pembeni anakutazama kifua. Ukihema, unarudia mwaka.

Haya yote ni madogo. Nimeyatanguliza kwa sababu lile kubwa linanipa kazi kulianza.

*

Kubwa ni Kanuni ya Jibu la Kwanza.

Siku yangu ya kwanza kazini Bwana Teluma alinisomesha kanuni hiyo akiwa amesimama, mkono mmoja kifuani, kana kwamba wimbo wa taifa unapigwa. "Jibu la kwanza ni la mgeni mwenyewe," alisema. "La pili ni la tumbo lake. La tatu ni la majirani zake. Serikali hii, Bibi Somoe, huzungumza na mgeni mwenyewe."

Utaratibu wake ni mwepesi. Mgeni anakuja dirishani. Mimi namwuliza habari kwa lugha yetu, anajibu, nami naandika jibu lake kwa lugha yao kwenye kisanduku ambacho kinatosha neno moja. Neno likiwa zuri, faili linafungwa, mgeni anapigiwa makofi mawili na kuondoka. Neno likiwa baya, faili linatiwa wino mwekundu, na hapo ndipo utaona nchi hii ilivyo na uwezo. Siku saba hazipiti. Daktari anakuja, kilichoziba kinazibuliwa, aliyefungiwa anatolewa. Nilimwona kwa macho yangu mzee mmoja wa visiwa vya baridi. Aliulizwa habari akasema "mgongo". Ndani ya wiki alikuwa na godoro jipya, mkandaji, na barua ya kuombwa radhi na Waziri.

Kwa hiyo msije mkasema serikali haisikii. Inasikia sana. Inasikia mara moja.

Sasa watu wa kwetu. Mtu wa kwetu nyumba yake inaungua, ukimwuliza habari za nyumbani atakwambia nzuri. Kisha atameza mate. Kisha atasema "ila". Na yale yaliyoko nyuma ya "ila" ndiyo yaliyomtoa kitandani akafunga kanga akaja. Kwenye kisanduku "ila" haienei.

Nililijua hilo kuliko mtu yeyote ndani ya jengo lile. Ndiyo maana waliniajiri, mtu wa kwetu, ili nijue. Na kwa miaka minane niliandika nzuri, nzuri, salama, nzuri, njema. Sikuona kuwa ni uongo, kwa kuwa walikuwa wamesema kweli kwa vinywa vyao. Mkono wangu ulikuwa mwepesi hata Bwana Teluma akaniita mbele za wageni wa heshima akawaonyesha.

*

Chiku alikuja Jumatatu, amevaa koti la kuazimwa, kanga inachungulia chini yake. Akaniamkia vizuri, kwa goti kidogo, kama mtoto wa watu.

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu bibi, ila mama."

Nilikuwa nimeshaandika.

Mama yake ni Bi Mwamvua, mtu wa makamo yangu, kutoka huko huko kwenye mikorosho. Walifika pamoja. Mpakani mashine ilitaka alama za vidole, naye hana. Mtu aliyebangua korosho miaka arobaini, mafuta ya ganda yanaila ngozi ya vidole mpaka inakuwa laini kama kijiko. Mashine ikasema hakuna mtu. Maofisa wakatazama, wakamwona mtu, wakatazama tena mashine. Mwishowe wakaamua kwamba mama amefika kidogo, bado hajafika chote, basi akae katika Nyumba ya Mapokezi mpaka alama ziote. Kila asubuhi wanampima kwa darubini.

Shida haikuwa vidole. Bi Mwamvua ana presha, na vidonge vyake alinyang'anywa pamoja na sindano ya kushonea. Mle ndani dawa anapewa anayesema anaumwa. Na Bi Mwamvua kila asubuhi akiulizwa habari anajibu, "Salama tu, wanangu, sijui ninyi." Chiku alisema amemweleza mama yake kwa ishara kupitia dirisha la kioo, lakini mama hataki. Anasema mgeni hamlalamikii mwenyeji kabla hata ya chai.

Hayo yote aliyasema nyuma ya "ila". Niliyasikia yote. Kufuta neno kwenye kisanduku kulihitaji fomu, na fomu ilihitaji nieleze kwa nini niliandika upesi. Nikamwambia Chiku avute subira. Nikamwambia mwenye subira hula mbivu. Nikampigia makofi yake mawili, akaenda.

Jumatatu iliyofuata akarudi, akaniamkia, nikamwuliza, akasema nzuri ila mama. Na nyingine. Na nyingine. Miezi mitano.

Wajukuu zangu, ningeweza kumwambia, "Leo usiniamkie, ingia useme shida." Haizidi pumzi moja. Lakini mfanyakazi akimfundisha mgeni jibu, kosa lake linaitwa kuchafua takwimu, na adhabu yake ni kurudishwa daraja la ugeni. Nilikuwa na kigoda karibu na bomba la joto. Nilikuwa na beji. Kwenye jarida la Wizara waliweka picha yangu wakaandika "Mama wa Subira". Tena nilijiambia kumfundisha binti mwenye adabu kujibu salamu kwa ubaya ni kumharibu. Sababu hizi nimezipanga mara nyingi, kwa urefu, kwa upana, na kila nikizipanga hazinifuniki miguu.

Na subira yangu ile iliyosifiwa, sasa naijua. Niliyokuwa naivumilia ilikuwa shida ya mwenzangu.

Tena si kwamba sikumjua Bi Mwamvua, ingawa nilikuwa sijamwona. Vidole vyangu navyo ni laini kama vyake. Mimi niliingia kabla hawajanunua mashine, basi.

*

Mwezi wa tano Chiku hakuniamkia. Alisukuma barua dirishani. Ilikuwa ya Wizara, ina utepe, na ilikuwa juu yangu kumsomea.

Ilimpongeza. Ilisema mama yake ameulizwa hali mara mia moja na hamsini na mbili, na mara zote amejibu salama, jambo ambalo halijawahi kufikiwa na mgeni wala mwananchi. Kwa hiyo ametangazwa Mgeni Aliyeridhika Kuliko Wote, na Waziri mwenyewe atamtunuku Alhamisi. Ilisema pia kwamba hatatolewa tena kwenye Nyumba ya Mapokezi, hata alama zikiota, kwa kuwa kumhamisha kwaweza kumpunguzia furaha.

Nikasoma mpaka sahihi. Chiku hakulia. Aliniambia kwamba Jumamosi alimwona mama yake kupitia kioo, miguu imevimba mpaka hawezi kuvaa viatu, na bado alikuwa anampungia mkono. Kisha akanitazama vizuri, mimi, beji na kigoda changu.

"Bibi," akasema, "wewe kweli umezoea."

Alisema taratibu, bila kunikosea adabu. Akakunja barua, akaondoka kabla ya makofi.

Bwana Teluma alifungua mlango akaniambia nijiandae kwa Alhamisi. Waziri angemwuliza Bi Mwamvua habari mbele ya watu, na mimi ndiye ningetafsiri. Alisema ni heshima kubwa. Nikasema ahsante.

*

Alhamisi Nyumba ya Mapokezi ilipakwa rangi upande wa mbele. Wageni wengine walifungiwa upande wa nyuma ili wasije wakaridhika kupita kiasi siku isiyo yao. Bendi ilikuwepo. Chiku alipewa kiti mstari wa tatu, chini ya kibao cha "Familia Yenye Bahati".

Wakamleta Bi Mwamvua kwenye kiti cha magurudumu kilichofungwa maua. Mwanamke mwembamba, uso umetulia, kitambaa kimefungwa sawasawa kichwani. Miguu ilikuwa kama si yake, imejaa, inang'aa. Waliifunika kwa bendera, bendera ikateleza.

Waziri akahutubia. "Nchi nyingine," alisema, "zinapokea wageni wenye njaa, wenye homa, wenye vilio. Sisi hatuna wageni wa namna hiyo. Tumewauliza. Hatukubahatisha, ndugu wananchi, tumewauliza mmoja mmoja, na miongoni mwa watu wa lugha ya mama huyu asilimia mia moja wamesema nzuri. Asilimia mia moja! Mimi mwenyewe nyumbani kwangu sijawahi kupata asilimia hiyo."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mke wa Waziri hakupiga.

Mia hiyo ilikuwa mwandiko wangu. Niliitambua kama mtu anavyoitambua kanga yake mgongoni mwa mtu mwingine.

Kisha Waziri akashuka jukwaani, akainama mbele ya kile kiti, katibu akiwa nyuma yake na daftari kubwa la taifa limefunguliwa. Akauliza kwa lugha yao mama anaendeleaje. Nikamgeukia Bi Mwamvua, nikamwamkia kwanza, maana hata hivyo sisi si wanyama, nikamwambia kiongozi anauliza habari zako.

Akanitazama. Midomo ilikuwa mikavu. Akavuta pumzi ya kwanza ikakatika, akavuta ya pili.

"Mwambie salama tu," akasema. "Mwambie nashukuru."

Nikanyanyuka, nikamgeukia Waziri.

"Anasema mbaya," nikasema.

Bendi ilikuwa imeshaanza, ikakatika kipande kipande, tarumbeta ya mwisho. Katibu alikuwa mtu wa kazi yake kama nilivyokuwa mimi, na mkono wake nao mwepesi. Alikuwa ameshaandika.

Waziri akasema mama aulizwe tena, labda hakusikia. Katibu akamkumbusha kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, la pili ni la tumbo lake." Waziri akatazama daftari, akatazama watu, akamwuliza Bwana Teluma kama neno lile kwenye lugha yetu haliwezi kuwa na maana ya kuridhika sana. Bwana Teluma alikuwa ananitazama mimi. Miaka minane amekaa chumba kimoja nami, na neno "salama" amelisikia mara ngapi? Alilijua kama anavyolijua jina la mkewe. Akainama akaanza kuokota maua yaliyoanguka, ingawa si kazi ya mkuu kuokota maua.

Wino mwekundu ulitiwa pale pale, mbele ya watu.

*

Kesho yake Bwana Teluma aliniomba beji. Hakufoka. Aliniambia kwamba neno "salama" amelisikia miaka minane, kwamba jibu la kwanza likishaandikwa halifutwi hata kama si lake mwenye kujibu, na kwamba kwa mimi kuchafua takwimu nimerudishwa daraja la ugeni. Akaniuliza, si kama mkuu sasa, kwa nini sikufanya hivyo tangu mwanzo kama nilijua inawezekana. Nilitafuta jibu la kwanza, sikulipata. Nikatafuta la pili.

Ndiyo maana nawaandikia kama mwenzenu. Mimi na ninyi tumeshuka wiki moja.

Daktari alifika siku ya tatu. Alitoa vidonge, akatoa na lawama, akisema mgonjwa angesema mapema. Siku ya saba Bi Mwamvua akatolewa, amefika chote, vidole vikiwa laini vile vile. Chiku aliniletea ujumbe kwamba naweza kuja kama nataka. Hakusema njoo.

Nilikwenda. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za Nyumba ya Mapokezi, mama amefunguliwa viatu, binti anamkanda unyayo. Nikapiga goti, ingawa tu rika moja, nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa naandika majibu ya binti yake dirishani, miezi yote mitano, na kwamba nimekuja kuomba radhi.

Bi Mwamvua akauondoa mguu wake mikononi mwa binti.

"Wewe ndiye uliyewaambia wale watu kwamba nimejibu mbaya?"

Nikasema ndimi.

"Mimi sijasema hivyo. Mtu ameshuka kwenye kiti chake kuja kuniamkia, na bendi inapiga, halafu nimjibu mbaya? Mama yangu hakunilea hivyo. Umeniaibisha mbele za watu."

Chiku akainua uso akasema, "Mama," akanyamazishwa kwa kidole.

Nikasema ni kweli, nimemwaibisha. Nikasema na ile miezi mitano ya nzuri nayo nilimkosea, na kwamba sikujua kosa lipi niliombee radhi kwanza. Akanitazama mikono. Akaichukua, akapitisha kidole chake gumba juu ya vidole vyangu, kimoja kimoja, kama mtu anayepima kitambaa. Akafika cha mwisho, akaguna.

"Umebangua wapi?"

Nikamtajia kijiji. Akatikisa kichwa. Hakuniachia mkono, wala hakusema amenisamehe, mpaka leo hajasema.

Tukakaa hivyo. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananituma, nikamwuliza habari za mle ndani.

Akafungua mdomo, nikaliona lile neno linakuja, limeshafika kwenye meno. Akalirudisha. Akageuka akalitazama dirisha la Nyumba ya Mapokezi, kisha mlango, kisha mimi.

"Na hili nalo litaandikwa?"

"Halitaandikwa, dada."

"Basi usipige magoti hapo utaumia," akasema. "Kaa. Ni marefu."